Nilichokikata hakikukatika

Ninayoyaandika hapa yalinitokea dukani kwangu. Mwenye haki katika jambo hili ameniruhusu niyasimulie bila kumtaja. Nimeona niyaandike kwa sababu kompyuta zimekwisha kuingia majumbani mwetu, katika madrasa zetu na katika ofisi za misikiti yetu, na wengi wetu tunazitumia kama nilivyokuwa nikiitumia yangu: tunajua inachotufanyia, hatujui inachokiweka.

Steshenari yangu ipo hapa Mikese, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro. Wateja wangu ni wakulima wenye barua za kumpelekea mtendaji wa kijiji, wanafunzi wanaoomba mkopo wa elimu ya juu, walimu wa madrasa wenye mitihani ya kuchapwa, wazazi wanaotaka kadi za harusi za watoto wao, na wafiwa wenye karatasi za mirathi. Nina kompyuta moja ya mezani, printa moja, na mashine ya kutoa nakala iliyo upande wa pili wa chumba.

Miaka ya mwanzo nilifanya kila kitu kwa kipanya. Nilitafuta neno katika orodha, nikabonyeza, nikatafuta tena. Kisha mtoto wa marehemu dada yangu, aliyekuwa akisoma mjini Morogoro, alikuja kukaa nami mwezi wa Ramadhani. Siku ya kwanza aliketi nyuma yangu akinitazama, halafu akasema, "Mama mdogo, unaizunguka nyumba nzima ilhali mlango uko hapa mbele yako."

Alinianzisha na vitufe vinne vilivyopangana katika mstari wa chini wa herufi: Z, X, C na V. Ukishikilia Ctrl na kubonyeza C, maneno uliyoyachagua hunakiliwa. X huyakata na kuyaondoa yalipokuwa. V huyabandika unapotaka. Z hutendua kosa ulilolifanya punde. Utaratibu huo wa kukata na kubandika una umri mkubwa kuliko wengi wanaoutumia leo. Ulianza California, Marekani, katika miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, na mmoja wa waasisi wake ni Larry Tesler, aliyefariki mwaka 2020. Uliiga kazi ya wahariri wa zamani, waliokata kipande cha karatasi kwa mkasi na kukibandika mahali pengine kwa gundi. Mkasi wa kweli hukuachia kipande mkononi. Laiti ningelizingatia hilo mapema.

Ctrl na S, inayohifadhi kazi, nilikwisha kuijua umuhimu wake kwa machungu. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuishikilia. Umeme ukikatika, kurasa tatu za mtihani wa fiq'hi hupotea kama hazikuandikwa. Tangu nilipofundishwa, kidole changu huenda kwenye S kila nimalizapo aya.

Yalikuwapo mengine ambayo hata wanaojua kompyuta kwa miaka mingi hawayajui. Mwalimu mmoja wa madrasa alikuwa akisikitika kwamba katika barua za mwaliko wa Maulid humswalia Mtume kwa herufi tatu za mkato tu. Mtoto akamwonyesha kwamba ukiandika FDFA katika programu ya Word, kisha ukashikilia Alt na kubonyeza X, herufi hizo hugeuka papo hapo zikawa sala kamili kwa hati ya Kiarabu: ﷺ. Ukiandika FDFD na kufanya vivyo hivyo, hutoka Bismillah yote. Mwalimu aliomba tulirudie mara tatu, kisha akaliandika katika daftari lake.

Mzee mwingine, aliyekuwa karani wa msikiti kwa muda mrefu, alikuwa amekata tamaa ya kusoma kwenye kioo kwa sababu ya macho. Akaonyeshwa kwamba ukibonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kila kilichopo kwenye kioo hukua. Ukibonyeza kitufe hicho hicho pamoja na Esc, hurudi kama kilivyokuwa. Kikuzaji hicho kilikuwamo ndani ya mashine siku zote, hakikuhitaji kununuliwa.

Nilioupenda kuliko yote ulikuwa mlango wa mwisho. Kwa kawaida kompyuta hukumbuka kitu kimoja tu ulichonakili. Ukinakili cha pili, cha kwanza huondoka. Lakini tangu mwaka 2018 Windows ina ubao wa kunakili wenye kumbukumbu. Ukishauwasha mara moja, kila ubonyezapo kitufe cha Windows pamoja na V hufunguka orodha ya vitu ulivyonakili au kukata, hadi 25, nawe huchagua unachokitaka. Vile unavyovihitaji kila siku unaweza kuvitia pini visiondoke. Mimi nilitia pini anwani ya ofisi ya kijiji, na ule mwisho wa barua zetu zote, "Wako katika ujenzi wa Taifa". Barua iliyokuwa ikinichukua nusu saa ikawa ya dakika kumi. Watu wakanisifu kuwa nina mkono mwepesi, na sifa hiyo ikaniingia.

Siku moja asubuhi alikuja mwanamke aliyekuwa ametoka edani. Alitaka kuchapiwa karatasi za mirathi ya mumewe azipeleke Mahakama ya Mwanzo baada ya kikao cha ukoo: maelezo yake, na orodha ya alivyoviacha marehemu. Alinisomea kutoka katika daftari la shule la mwanawe, nami nikachapa. Palikuwa na nyumba, shamba la ufuta, na pikipiki. Mwishoni palikuwa na kifungu kuhusu fedha ambazo marehemu alimkopesha baba yake mdogo na ambazo hazijarudishwa. Kiasi chake sikitaji.

Nilipomaliza nilimsomea yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, hicho kifungu cha deni kitoe kwanza. Yule ni mzee wetu. Nataka nimwendee mwenyewe, mimi na shekhe, tuzungumze kwa heri kabla halijaandikwa popote."

Lilikuwa neno la busara. Tunajua kwamba deni lina nafasi yake kabla mirathi haijagawanywa. Analodai maiti ni mali ya warithi, na analodaiwa hulipwa kabla hawajapata chochote. Lakini tunajua pia kwamba mdaiwa akiendewa kwa stara huenda akakiri lile ambalo angelikana mbele ya watu. Nikakichagua kifungu chote, nikashikilia Ctrl, nikabonyeza X. Kikatoka. Nikamwonyesha ukurasa, akaridhika, nikamchapia. Akakunja karatasi zake akaziweka ndani ya mkoba, akaondoka.

Ningekifuta kwa kitufe cha kufutia, kisa kingeishia hapo. Lakini vidole vyangu vilikwisha kuzoea mkasi.

Baada ya sala ya Adhuhuri akaja yule mzee. "Shikamoo baba," nikamwamkia. "Marahaba mwanangu." Alitaka barua kwa mtendaji kuhusu mpaka wa shamba lake. Akavuta benchi akaketi ubavuni pangu, kama wafanyavyo wateja wote wanaotaka kuona maneno yao yakitokea. Nilimtambua, ila sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa kwa hesabu yangu kile kifungu hakikuwapo tena duniani. Nikataka kuiweka anwani ya ofisi ya kijiji. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na V.

Orodha ikafunguka. Juu kabisa, kwa kuwa ndicho kitu cha mwisho nilichokikata, palikuwa na mistari ya mwanzo ya kile kifungu, na jina lake ndani yake.

Niliifunga upesi, lakini alikwisha kusoma. Nilijua kwa sababu midomo yake ilikuwa ikitembea. Hakuniuliza kitu. Akasema tu, "Endelea na barua, mwanangu." Nikaendelea huku mikono ikitetemeka. Akalipa, akaaga kwa salamu kamili, akaenda zake.

Kikao cha ukoo kilipokaa, mzee alifika amejaa. Alisema mke wa marehemu amekwenda kumwandika kwa siri, na kwamba anataka kumpandisha mahakamani mzee wa ukoo kabla hata kaburi halijakauka. Mwanamke alipoapa kwamba hakumwandika, mzee akasema ameona kwa macho yake. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Kikao kikavunjika bila muhtasari kusainiwa, na bila muhtasari karatasi za mirathi hazikuweza kusogea. Watoto walikuwa na ada ya shule, shamba lilikuwa linangoja uamuzi, na kila mtu wa familia ile alikuwa akimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Mwanamke alikuja dukani jioni ile ile. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Dada, ulimwonyesha?" Nikamweleza yote, jinsi ubao ule unavyofanya kazi, jinsi ambavyo sikukusudia. Nilipokuwa nikieleza nilijisikia nikiitupia mashine lawama, nikanyamaza. Mashine ilifanya kile ilichoundwa kukifanya, na aliyeiwasha ni mimi. Nilipompigia simu mtoto wa dada yangu alinijibu kwa masikitiko, "Mama mdogo, nilikufundisha kuufungua. Sikukufundisha kuufuta."

Nilikwenda kwa mzee nikamwambia kwamba yule mama aliniamuru nikiondoe kifungu kile kwa heshima yake. Nilikwenda kwa shekhe nikamwomba aseme yale niliyoyaharibu mimi. Ilichukua wiki kadhaa. Kikao kilikaa tena, muhtasari ukasainiwa, alhamdulillah. Deni mzee amelikiri kwa mdomo, kwamba atalipa ufuta ukivunwa. Misimu imepita.

Tangu siku ile nimebadilisha utaratibu, nami nauweka hapa kwa faida ya kila mwenye kompyuta inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kila mteja anapoinuka, hufungua ubao wa kunakili na kuamuru ufutwe wote. Vilivyotiwa pini hubaki, vingine huondoka. Mashine ikizimwa na kuwashwa upya navyo huondoka, lakini sisubiri hadi jioni. Asiyeuhitaji ubao huo anaweza kuuzima katika mipangilio ya mfumo. Ninapokwenda kwenye mashine ya nakala, hata kama ni hatua nne, hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, na kioo hujifunga mpaka niingize neno la siri.

Nimejifunza pia kwamba kufuta faili si kuliondoa. Huenda katika pipa la taka na kukaa humo mpaka pipa limwagwe. Ukibonyeza Shift pamoja na Delete, faili halipiti katika pipa, ingawa fundi mwenye ujuzi huenda bado akaliibua. Faili zinazotumwa kwa WhatsApp na kufunguliwa kwenye kompyuta huacha nakala katika folda ya vilivyopakuliwa. Siku nilipoifungua kwa mara ya kwanza nilikuta vyeti vya ndoa, vyeti vya kuzaliwa na majibu ya hospitali ya watu ninaokutana nao njiani kila siku. Programu ya Word nayo huonyesha majina ya nyaraka zilizofunguliwa karibuni. Na mwanafunzi anayeingia katika akaunti yake humfungulia dirisha la faragha kwa Ctrl, Shift na N, ambalo likifungwa halibaki na kumbukumbu ya alikopita wala neno lake la siri.

Nawe mzazi unayepeleka karatasi kuchapwa, usione haya. Mwambie mwenye duka afute faili lako mbele ya macho yako, ondoka na fleshi yako, na hakikisha umetoka katika akaunti yako. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo hilo si ombi la fadhila. Na kabla ya sheria hiyo tulikwisha kuamrishwa. Suratun-Nisaa, aya ya 58, inatutaka tuzirejeshe amana kwa wenyewe. Nilikuwa nikidhani amana ni fedha na vitu, nikisharudisha karatasi na chenji nimemaliza. Sasa najua kwamba maneno niliyosomewa kutoka katika daftari lile yalikuwa amana, na hata baada ya kumkabidhi mwenyewe karatasi zake nilibaki nayo bila kujua.

Nilipotaka kuyaandika haya nilikwenda kwanza kwa yule mama kumwomba ruhusa. Alinikaribisha, akanipa maji, akaniambia alikwisha kunisamehe tangu siku ile. "Andika," akasema, "huenda mwingine akaponea hapo. Lakini karatasi zangu, dada, nitaendelea kuzipeleka Morogoro."

Nikamwambia ana haki. Kutoka hapa hadi Morogoro ni takriban kilometa 30. Kila nimwonapo kituoni na ule mkoba wake akingoja gari, najua nauli ile anailipa kwa ajili ya kosa langu.

Mwenyezi Mungu atusitiri, na atujaalie tuwe wa kuzisitiri siri za wenzetu. Amin.