Matayarisho ya Kulala Hemani

Walimu wenzetu kadha wa kadha, wa upande wa Monduli na wa upande wa Usa, wametuuliza habari za wanafunzi wetu waliolala hemani huko Momella. Wataka tuwaandikie vitu gani vinunuliwe na vipi viachwe. Twakubali kuandika, lakini hatuwezi kuandika habari za vitu peke yake, kwa maana katika kuvichagua tulikosa kosa ambalo lilikaribia kutuletea msiba. Kulificha kosa na kuwaonyesha hema tu si haki.

Asiyeijua Kisongo na aelewe kwamba ni uwanda ulio wazi, magharibi ya mji wa Arusha, kando ya barabara iendayo Makuyuni. Mvua nyingi ya mlima Meru huwaangukia ndugu zetu wa kusini na mashariki ya mlima. Sisi hutufikia upepo na vumbi. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya usiku huku ni kali. Kila siku watoto wetu huona magari ya watalii yakipita yamebeba mahema, yakienda mbugani, wala hakuna hata mtoto mmoja katika darasa letu aliyewahi kulala ndani ya hema. Basi tulipoanzisha kikundi cha skauti, tuliwaeleza jinsi Baden-Powell alivyowachukua wavulana wachache mwaka 1907, wakapiga kambi katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza, na jinsi mzee huyo alivyokuja kufia kwa jirani zetu Kenya mwaka 1941, akazikwa Nyeri. Hawakutaka kusikia habari za kaburi. Waliuliza neno moja tu: “Mwalimu, na sisi tutalala lini?”

Tukaita wazazi. Watoto walikuwa 18, na kila mzazi akatoa shilingi 20,000, zikawa 360,000. Wako waliouza kuku, na mmoja alileta mahindi debe moja badala ya fedha, akaliuza mwenyewe mbele yetu ili tusisumbuke. Fedha za namna hiyo ni nzito mkononi. Nauli na kiingilio cha hifadhi vilikuwa vimetengwa mbali.

Tukashuka mjini tukiwa walimu wawili, tukazunguka kwa wauza mitumba kutwa nzima. Vitu vya safari za milimani havikosekani Arusha, kwa sababu wageni wengine wakimaliza safari huviacha kwa wapagazi, na vingine huja katika marobota ya mitumba pamoja na makoti. Tulipata mahema matatu ya watu sita sita, ya rangi ya kijani, yenye madirisha ya wavu. Tuliyapenda tangu tulipoyaona. Muuzaji alitaka 110,000 kwa kila moja. Tukabishana hata jioni, akatupa kwa 90,000. Hivyo 270,000 zikaishia kwenye mahema, zikabaki 90,000 za chakula, tochi, kamba na dawa. Habari ya kitu cha kutandika chini hatukuitaja kabisa. Tulijiambia ya kwamba hema lina sakafu yake, na kila mtoto ana shuka.

Siku ya kuandikisha vitu vya watoto, mama mmoja alikuja na mwanawe, naye amebeba kichwani ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Akasema, “Mwalimu, shikamoo. Nimemletea mtoto kitu cha kulalia.” Mama huyu ni mkubwa kwetu kwa umri, alitupa shikamoo kwa ajili ya ualimu, nasi tukaiitikia. Hilo peke yake latuaibisha sasa. Tukaitazama ngozi. Ilikuwa kuukuu, ina harufu ya moshi na ya maziwa. Watoto wengine wakaanza kucheka, nasi hatukuwakemea. Tukamwambia kwamba tunakwenda mahali penye wageni, kwamba hema ni safi, na ngozi itachafua. Mama hakujibu neno. Akaiinua tena kichwani, akaenda zake, na mtoto akabaki amesimama akitazama chini.

Kabla ya kwenda Momella tulitaka kujaribu usiku mmoja katika uwanja wa shule. Twamshauri kila mwalimu asiache kufanya hivyo, kwa maana jaribio hilo ndilo lililotuokoa. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Julai. Watoto walicheza mpira hata magharibi, wakala ubwabwa na maharagwe, wakaimba, wakaingia mahemani na nguo zile zile za mpira. Upepo ulikuwa mkali, tukafunga madirisha yote na milango yote, tukaona tumefanya vema.

Saa 4 usiku mwalimu mwenzetu aliona watoto wanajikunyata, akataka kuingiza jiko la mkaa katika kila hema. Mlinzi wa shule, mtu asiyesoma sana, alisimama mlangoni akakataa katakata. Alisema kijijini kwao watu watatu walilala na jiko wakiwa wamefunga mlango, wala hawakuamka. Mlinzi alisema kweli. Mkaa uwakao mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu isiweze kuchukua hewa safi. Mtu husikia kichwa kizito, husinzia, na kufa usingizini. Nasi twawasihi wasomaji wasidhani ya kuwa neno hili ni la mahemani tu. Nyumba iliyofungwa usiku wa Julai ni sawa na hema.

Mnamo saa 9 usiku tulizunguka na tochi. Katika hema la pili matone ya maji yalikuwa yakidondoka kutoka juu, ingawa nje hapakuwa na mvua. Ilikuwa ni pumzi ya watoto wenyewe, iliyokosa pa kutokea, ikagusa kitambaa cha baridi na kugeuka maji. Mashuka yao yamelowa. Mtoto wa mama yule alikuwa ukutani kabisa mwa hema, shati lake bichi kwa jasho la mpira na kwa maji hayo. Alikuwa akitetemeka mwili mzima. Tulipomwuliza jina lake alilitaja kwa ulimi mzito kama mtu aliyelewa, kisha akasema hana neno, hasikii baridi. Baba yake alikuwa amemwambia asiende kulalamika mbele ya wenzake.

Tukamchukua mpaka nyumbani kwetu, tukamvua nguo mbichi, tukamfunika mablanketi makavu, akalala katikati ya watoto wetu. Alipoweza kushika kikombe mwenyewe tukampa uji wa moto wenye sukari, kidogo kidogo. Hatukumsugua wala hatukumweka karibu na moto mkali. Mganga wa zahanati alituambia kesho yake kwamba hilo tulifanya sawa, na kwamba dalili mbaya zaidi ni pale mtu aliyeshikwa na baridi anapoacha kutetemeka naye hajapata joto. Wengine wote tukawaingiza darasani. Yule mtoto alipata nafuu kabla ya mapambazuko. Sisi hatukulala.

Asubuhi tulikwenda kwa mama yake. Twakiri ya kuwa njiani tulitengeneza maneno mengi ya kujitetea, habari za upepo na habari za jasho. Tulipofika, ngozi ile ilikuwa imetandazwa juani, na maneno yote yakatutoka. Tukasema, “Shikamoo, mama. Tumekuja kuomba msamaha, tena tumekuja kuomba ngozi.” Mama alitaka kwanza kumwona mtoto. Alipomwona na kumshika mikono na miguu, ndipo alipotuitikia, akatukaribisha chai. Hakutulaumu, nasi tungalipenda zaidi kama angalitulaumu.

Babu wa mtoto alikuwa amekaa kibarazani. Huyo ndiye aliyetufundisha, akicheka. “Ninyi walimu mwaziba juu,” alisema, “na baridi yatoka chini.” Akatueleza habari za orpul, yaani kambi ya nyama ambayo wanaume wa Kimaasai na wa Kiarusha huiweka porini, wakachinja na kunywa supu ya mizizi na magome kwa siku nyingi. Alipokuwa kijana hawakuwa na hema hata moja. Kazi yao ya kwanza, kabla ya kuwasha moto, ilikuwa kukata matawi ya leleshwa yenye majani mengi, kuyapanga chini yawe mazito, na juu yake ngozi. Hapo mtu alilala na shuka moja.

Sababu yake tuliwahi kuifundisha ubaoni miaka mingi pasipo kuifikiri. Ardhi ya baridi hunyonya joto la mwili uliolala juu yake, na sakafu ya hema ni kitambaa chembamba tu. Nalo blanketi zito, likilaliwa, hushindiliwa, hewa iliyomo hutoka, na hewa ndiyo ilindayo joto. Majani makavu, nyasi, na ngozi yenye manyoya hushika hewa hiyo hata mtu akilalia. Nguo nazo zina tabia zao. Pamba ikilowa haifai kitu usiku. Sufu hata ikiwa na unyevu bado hulinda joto kwa kiasi.

Basi tulianza matayarisho upya. Hema moja tukaliuza kwa hasara, tukapata 75,000. Tukatafuta masweta ya sufu ya mitumba. Yaliyotoboka viwikoni ni bei rahisi na joto lake ni lile lile. Tukaomba magunia matupu kwa wafanya biashara, watoto wakayajaza maganda makavu ya mahindi, tukayashona midomo. Majani ya leleshwa hatukuyategemea, maana katika hifadhi hairuhusiwi kukata matawi. Tukanunua turubai moja la kutandaza chini ya hema ili umande usipande. Tukaagiza kila mtoto awe na nguo kavu za kulalia, zilizofungwa peke yake katika mfuko wa nailoni, zisivaliwe kamwe mchana, pamoja na soksi na kofia. Hema mbili kwa watoto 18 zilikuwa finyu, lakini ufinyu nao huleta joto. Walimu tulilala nje, chini ya kipande cha turubai. Mambo mengine, kama maji, dawa ya kidonda, filimbi na sabuni, kila mwalimu ayajua, hatuna haja ya kuyarefusha. Tochi, tatu zilitosha.

Jambo la ruhusa lakini lisidharauliwe. Wasomaji wetu wa Meru wajua habari ya Akeri, jinsi wamisionari Ovir na Segebrock walivyouawa katika kambi yao mwezi wa Oktoba 1896, wakati wenyeji walipokuwa na hofu kubwa ya wageni. Nyakati zile zimepita, wala hatufananishi. Ila hata leo mtu apigaye hema katika ardhi ya watu pasipo kuwaarifu hutia watu shaka. Kwa Momella tuliandika barua kwa wakuu wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, tukajibiwa vizuri, tukapewa siku. Kwenda kwa miguu ndani ya hifadhi hiyo ni lazima kuongozana na askari mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati.

Tulikwenda mwezi wa Agosti. Momella ni juu kidogo kuliko Kisongo, na kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, hewa hupungua joto kiasi cha nyuzi 6 au zaidi. Watoto waliuliza basi kileleni kukoje, penye mita zaidi ya 4,500, tukawaambia wapige hesabu wenyewe, wakapiga, wakanyamaza. Tuliacha madirisha ya mahema wazi kiasi cha kupitisha pumzi. Usiku mlima ulikuwa mweupe kwa mbalamwezi, na nyati alipita karibu akila majani, tukamsikia wote. Saa 9 tukazunguka na tochi kama desturi. Hapakuwa na tone la maji. Watoto walikuwa wamelala juu ya maganda yao, na katika hema la kwanza ile ngozi ilitandikwa upande wa mlango, pale pafikapo baridi. Ilikuwa imelaliwa na watatu. Wawili kati yao ni wale waliocheka.

Tuliporudi tuliichukua ngozi wenyewe mpaka kwa mama. Aliikunjua, akaitazama pande zote kama imetoboka, akainusa. Kisha akatuuliza kama mwaka ujao tutakwenda tena, kwa sababu mdogo wake mtoto naye ataingia skauti, na ngozi ni moja. Tukamwambia kwamba tutakwenda, na kwamba tumekwisha kumwomba mchinjaji wa Kisongo atuwekee mbili.