Kikombe cha Maji Chalbi

Tangu tustaafu, mume na mke, gari letu lenye kitanda na jiko limekuwa nyumba yetu ya pili. Safari hii tuliondoka Mombasa pamoja na marafiki wanne katika gari lao, tukapita Isiolo na Marsabit, tukateremka hadi Jangwa la Chalbi. Hapo kale palikuwa ziwa. Leo ni uwanda wa chumvi usio na mti.

Tulipopiga kambi magharibi, tuligundua kwamba tangi letu limepasuka njiani. Yalisalia madumu mawili ya wenzetu, nasi tu wazee sita. Hakuna aliyesema, "Haya ni yangu." Maji yalipimwa kwa kikombe, wenye dawa za kumeza wakatangulizwa. Alfajiri tulitayamamu, tukasali.

Asubuhi tukafika Kalacha, penye chemchemi na mikoma. Wachungaji wa Kigabra, ngamia wao wakiwa na kiu, walitupisha tuteke kwanza.

Ndugu wasomaji, mkiazimu safari kama hii, chukueni maji ya kutosha; lakini kabla ya maji, chagueni wenzenu.