Nilimshutumu Pacha kwa neno la siri ambalo halikuwepo

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea humu karibu mwezi mzima na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko bwana. Nilikuwa fildi, Songea, na leo ni siku ya tatu tangu niingie tena chuoni. Miguu bado imevimba kwa safari ya basi: Songea, Njombe, Makambako, Iringa, ndipo Dodoma. Mengi nitawasimulia taratibu, ila naanza na hili moja kwa sababu nadaiwa. Kuna mtu nilimkosea mbele za watu, na naona nimwombe radhi mbele za watu vilevile.

Mtu mwenyewe ni Pacha, mwenzangu wa mradi. Mnamjua, nimeshamtaja humu mara kibao. Mradi wetu wa mwaka wa tatu ni mfumo mdogo wa kikundi cha wakulima wa mahindi nje kidogo ya mji wa Songea: nani kaleta magunia mangapi, yamepimwa kilo ngapi, kalipwa au bado. Kabla yetu kila kitu kilikuwa kwenye kaunta buku la mwenyekiti, na kaunta buku likilowa mvua, basi tena. Sisi tukaweka taarifa kwenye kanzidata ya PostgreSQL, ndani ya seva ndogo tuliyokodi mtandaoni kwa hela ya bumu, nusu yangu nusu ya Pacha. Msidhani PostgreSQL ni kitu cha kuchezea cha wanafunzi. Hiyo hiyo ndiyo iko chini ya DHIS2, mfumo ambao nchi yetu inautumia kukusanya ripoti za vituo vya afya.

Tukagawana kazi. Pacha abaki chuoni aandike programu, mimi niende Songea nikae na wakulima. Msimamizi wetu angefika Songea Jumatatu, anione nikiingiza magunia kwenye kanzidata kutoka kwenye laptopu yangu, kwa intaneti ya simu, mbele ya mwenyekiti. Ikikubali, tuna mradi. Ikikataa, tuna hadithi.

Nilifikia kwa shangazi yangu Bombambili. Jamani, Songea mwezi Julai ina baridi msiifanyie mchezo. Ule upepo wa kutoka Matogoro ukishuka jioni unavaa sweta mbili na bado unatafuta jiko la mkaa lilipo. Alhamisi usiku nikakaa sebuleni, nikawasha laptopu, nikajaribu kuingia kwenye kanzidata kwa mara ya kwanza kutokea mbali.

Jibu la kwanza halikuja kabisa. Nikasubiri, nikasubiri, mpaka laptopu yenyewe ikakata tamaa. Hiyo nikaielewa: seva ina ukuta wa kuzuia wageni na mlango namba 5432, unaotumiwa na PostgreSQL, ulikuwa umefungwa. Nikaingia kwenye seva kwa SSH, nikaufungua.

Nikajaribu tena. Safari hii jibu lilikuja haraka: muunganisho umekataliwa. Maana yake nimefika kwenye nyumba lakini hakuna anayesikiliza upande ule. PostgreSQL ikiwekwa mpya husikiliza yenyewe kwa yenyewe tu, ndani ya seva. Kuna mstari unaitwa listen_addresses, nao huwa umeandikwa localhost. Nikaubadilisha, nikaizima kanzidata na kuiwasha upya, maana mstari huo haushiki bila kuwasha upya.

Mara ya tatu: hakuna ingizo linalokuruhusu kwenye pg_hba.conf. Hilo ni faili la mlinzi wa getini. Kila mstari unasema nani, kwenye kanzidata ipi, kutoka anuani gani, athibitishwe vipi. Anausoma kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana na wewe ndio unaokuhukumu. Ukishindwa hapo hakujaribu kwenye mstari wa chini. Kwa kuwa anuani ya intaneti ya simu inabadilika kila mara, mimi kwa uvivu nikaandika 0.0.0.0/0, yaani dunia nzima ikaribie ilimradi ina neno la siri. Mkumbuke huo mstari, tutaurudia.

Mara ya nne ndipo yakaanza makubwa. Kioo kikaandika: password authentication failed for user "mradi". Neno la siri limekataliwa.

Nikaandika tena polepole, herufi moja moja. Likakataa. Nikahisi labda nimenakili na nafasi tupu mwishoni, nikafuta, nikaandika kwa mkono. Likakataa. Nikaingia kwenye seva kwa SSH kwa neno lile lile la siri, nikaifungua kanzidata humo ndani, ikafunguka bila kinyongo. Nikarudi nje, likakataa.

Sasa sikilizeni akili ya binadamu saa sita usiku. Neno la siri tunalijua watu wawili tu. Mimi sijalibadilisha. Na wiki moja kabla sijasafiri, mimi na Pacha tulikuwa tumekwaruzana kidogo kuhusu nani atawasilisha mradi mbele ya jopo. Unaona hesabu inavyojijumlisha yenyewe? Nikashika simu, nikaandika, tena siyo kwake peke yake, bali kwenye grupu la WhatsApp la wenzetu wote watano tulio chini ya msimamizi mmoja: "Pacha kama umebadilisha password ili nionekane mjinga Jumatatu sema tu, tusipotezeane muda."

Akajibu neno moja. "Sijabadilisha." Halafu kimya. Grupu zima kimya. Ijumaa nzima hakuna aliyeandika kitu, hata yule ndugu yetu wa kutuma picha za asubuhi njema.

Ijumaa usiku nikawa bado napigana na kioo. Shangazi akaja na chai ya tangawizi, akanikuta nimejifunika blanketi kama mgonjwa.

"Mwanangu, hulali?"

"Shangazi, kuna neno la siri linanikataa tangu jana."

"Umelisahau?"

"Wala, nalikumbuka vizuri tu."

Shangazi siyo mtu wa kompyuta. Anafuga kuku na anauza unga, na kuhusu umeme anachokumbuka zaidi ni adha za enzi kabla gridi ya taifa haijafika Songea mwaka 2018. Akakaa, akapuliza chai yake, akauliza: "Sasa mara ya mwisho lilikubali wapi?"

Nikafungua mdomo kusema chuoni. Nikaufunga. Kwa sababu nilipoikumbuka vizuri ile siku ya chuoni, kanzidata haikutuuliza neno la siri. Haijawahi kutuuliza, hata siku moja. Tulikuwa tunaingia kwenye seva kwa SSH, neno la siri linaulizwa hapo, halafu ndani tunaandika amri moja na kanzidata inafunguka.

Ikabidi nirudi kwenye lile faili la mlinzi nilisome lote, siyo mstari wangu tu. Mstari wa watu wa ndani umeandikwa peer. Maana yake: kama umeshaingia kwenye seva kwa jina "mradi", na unaomba kanzidata kwa jina hilo hilo "mradi", pita, sikuulizi kitu. Ni kama nyumba ya shangazi. Sisi wa nyumbani tunapitia mlango wa uani ambao uko wazi mchana kutwa, halafu mtu anajisifu funguo ya mbele inafanya kazi wakati hajawahi kuichomeka. Lile jaribio langu la Alhamisi la kuingia kutokea ndani lilikuwa halithibitishi chochote.

Jumamosi alfajiri nikafanya kitu ambacho ningekifanya tangu Alhamisi: nikafungua logi ya seva, iko kwenye /var/log/postgresql. Wadau, hapa ndipo penye somo lenyewe. Mtu wa nje akikataliwa anapewa sentensi ile ile moja, iwe amekosea neno la siri, iwe jina lake halipo kabisa, iwe neno lake limeisha muda. Ni makusudi, ili mwizi asijue amekosea wapi. Lakini ndani, kwenye logi, mlinzi anaandika sababu yenyewe, na anataja hadi ni mstari wa ngapi wa faili lake uliotumika kukuhukumu.

Na sababu yangu ilikuwa: User "mradi" has no password assigned. Mtumiaji huyu hajawekewa neno la siri.

Hakukuwa na neno la siri! Siyo kwamba limebadilishwa, halikuwahi kuwepo. Na aliyemtengeneza huyo mtumiaji ni mimi, kwa mikono yangu, usiku ule tulipokodi seva. Nilimtengeneza "mradi" wa seva, Linux ikaniomba neno la siri, nikaliweka. Kisha nikamtengeneza "mradi" wa kanzidata, haikuniomba, nikaona poa, jina si ni lile lile. Kumbe ni watu wawili tofauti wenye jina moja. Muda wote nilikuwa nampa mlinzi wa kanzidata neno la mtu mwingine.

Nikakaa kitandani dakika kama kumi hivi. Baridi ya Songea haikuwa tatizo tena, uso ulikuwa unawaka.

Kulikuwa na jambo jingine kwenye ile logi. Siyo mimi peke yangu niliyekuwa nagonga. Kulikuwa na anuani nisizozijua, zinajaribu jina la postgres, tena na tena, tangu usiku nilipofungua mlango kwa dunia nzima. Ndani mle mna majina ya wakulima, namba zao za simu, na nani anadai shilingi ngapi. Hizo ni taarifa binafsi za watu, na sheria ya kuzilinda, ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Tuliisoma darasani, tukajibu na mtihani. Ukweli ni kwamba jina langu lisilo na neno la siri halikumruhusu yeyote kutoka nje, kwa hiyo kosa langu moja lilikuwa linafunika kosa langu jingine. Hiyo siyo sifa, ni bahati.

Nikampigia Pacha. Sikutuma meseji, nilipiga. Nikamweleza yote, kuanzia mtumiaji wa seva hadi wa kanzidata. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa, nimekusikia." Akakata.

Baada ya nusu saa akatuma amri moja tu, bila salamu: ssh -L 5433:localhost:5432. Nikaelewa. Alitaka nifunge ule mlango wa 5432, nifute mstari wa dunia nzima, halafu nipitishe kanzidata ndani ya njia ya SSH ambayo tayari tunayo. Laptopu inadhani kanzidata iko kwake kwenye namba 5433, kumbe inapita chini kwa chini hadi kwenye seva. Nikafanya hivyo. Neno la siri nikaliweka kwa amri ya \password, ili lisibaki limeandikwa wazi kwenye historia ya amri. Likakubali mara ya kwanza.

Jumatatu msimamizi alikuja. Mtandao ulikuwa unajikongoja, gunia la kwanza lilichukua muda mpaka mwenyekiti akaanza kutafuta kaunta buku lake kwa macho, lakini liliingia. Yakaingia mengine. Mwenyekiti akauliza, "Na huyu mwenzako aliyeko chuoni anayaona?" Nikapiga simu, Pacha akamsomea namba zote kutoka Dodoma. Mzee akacheka kwa furaha. Mimi nilicheka nusu.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mwaka wa tatu mnaoelekea kwenye miradi: ikikuambia neno la siri limekataliwa, usianze na watu. Anza na logi. Angalia mstari upi wa pg_hba.conf umekuhukumu. Jiulize hilo neno lako limewahi kukubali wapi, kwa mlango upi. Na usiache namba ya kanzidata wazi kwa dunia kwa sababu tu bando lako linabadilisha anuani.

Na wewe Pacha, kwenye grupu nilishaandika samahani siku ile ile, ila najua meseji ya kushutumu husomwa na wote na ya samahani husomwa nusu nusu. Nimeirudia hapa. Hukubadilisha chochote. Kuwasilisha mbele ya jopo, wasilisha wewe, mimi nitabonyeza vitufe. Jana tumekutana maktaba tukaongea kuhusu mradi tu, hatujafika kwingine. Kesho asubuhi chai na chapati kantini ni juu yangu, nitakuwepo kuanzia saa moja.

Wengine msije, bumu bado halijatoka.