Sindano Ilikuwa 40

Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa inaenda 40 hata ikiwa imeegeshwa. Sindano ya spidomita ilikuwa imekwama hapo. Kioo kilipasuka kabla sijaipata, maji na vumbi vikaingia, kutu ikamaliza kazi. Pale steji ya Kanja wenzangu waligeuza jambo hilo kuwa utani: "Huyu ndiye msee wa pekee anafuata sheria Embu nzima." Nami nilicheka nao. Abiria akilalamika kwamba ninakimbia, nilimwonyesha kwa kidole. Si unaona? 40.

Kwa kweli haikuwa yangu. Nilikuwa nimeacha chuo baada ya karo kukosekana, na mwenye pikipiki alinipa kwa makubaliano kwamba jioni nimpelekee mia tatu. Kebo ya spidomita alikuwa ameichomoa yeye mwenyewe. Hakuwa na shida na mwendo, alikuwa anafikiria siku ya kuuza. Kebo inayozungusha sindano ndiyo hiyo hiyo inayohesabu kilomita. Ukiitoa, pikipiki inaweza kubeba watu, ndizi na magunia ya majani chai miaka mitatu, na mnunuzi akiangalia anaona imetembea kama ya mwalimu anayeenda kanisani tu. Ukipita steji yoyote utazikuta nyingi hivyo. Kilomita zimefichwa, na mwendo umefichwa pamoja nazo.

Siku moja ya soko nilimbeba shosho mmoja kutoka Runyenjes. Alikuwa na kikapu mapajani, leso kichwani, na helmeti hakuvaa kwa sababu sikuwa na ya pili. Tulipoanza kuteremka kuelekea mtoni alinigusa bega. "Kijana, pole pole." Nikamjibu bila kugeuka, "Shosho usijali, tuko 40." Kwenye kona mvua ilikuwa imemwaga mchanga juu ya lami. Gurudumu la nyuma likateleza, tukaanguka. Mimi nilichubuka goti. Yeye aliangukia mkono na kuvunjika kifundo.

Mwanawe alifika hospitalini usiku kutoka Nairobi. Hakunipiga wala kunitukana. Aliuliza swali moja tu: "Ulikuwa mwendo gani?"

"40," nikasema.

Nilisema haraka, na uso wangu haukubadilika. Ningeulizwa kwa Biblia ningesema hivyo hivyo, maana sindano ilisema 40, na ilikuwa imesema hivyo mwaka mzima.

Mwenye pikipiki aliichukua. Miezi kadhaa baadaye nilinunua yangu, mitumba, na kabla ya kitu kingine chochote nikampelekea fundi spidomita. Alinifungulia ile mbovu nione ndani. Nilidhani kuna meno mengi kama ya saa. Kumbe siri yake ni ndogo. Gia kwenye gurudumu la mbele inazungusha kebo, na kebo inazungusha sumaku. Sumaku iko ndani ya bakuli dogo la alumini, na haigusani nalo kabisa. Ikizunguka inazalisha umeme mdogo ndani ya alumini, umeme huo unalivuta bakuli lifuate, na springi nyembamba kama unywele inalizuia. Pale mvuto na springi zinapolingana ndipo sindano inaposimama. Mjerumani Otto Schulze alisajili wazo hilo mwaka wa 1902, na hadi leo ndilo linalofanya kazi ndani ya pikipiki nyingi za kebo tunazopanda.

Ukishaelewa hivyo unajua pia mahali makosa yanapoingilia. Sumaku ikichoka kwa uzee, inavuta kidogo na sindano inasoma chini. Springi ikilegea, inasoma juu. Na spidomita yenyewe haijui barabara, inajua mizunguko ya gurudumu tu. Tairi likiisha, gurudumu linakuwa dogo, linazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ile ile, sindano inapanda. Ukifanya kama wengi wetu, ukafunga gurudumu la inchi 18 pahali pa 17 na kuacha gia ya zamani, mambo yanageuka: unaenda kasi kuliko unavyoambiwa, kama asilimia 4 au 5.

Hata spidomita mpya kutoka dukani haisemi kweli kamili, na hiyo ni makusudi. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na nchi nyingi za Ulaya, inakataza spidomita kuonyesha mwendo mdogo kuliko ule halisi. Kuzidisha inaruhusiwa, hadi sehemu ya kumi na kilomita chache juu yake. Kwa hivyo watengenezaji huiegemeza juu kidogo, wawe upande salama. Ukiona 60, mara nyingi wewe uko chini ya hapo.

Nilitaka kuona hilo kwa macho yangu. Jumapili asubuhi, barabara ikiwa tupu, nilifunga simu kwenye usukani na kuwasha programu inayopima mwendo kwa setilaiti. Simu haijali tairi lako ni la ukubwa gani. Ila lazima uende barabara iliyonyooka na ushikilie mwendo mmoja kwa muda, kwa sababu ukiongeza au ukipunguza ghafla, simu inachelewa kukufuata. Sindano ikisema 50, simu ilisema 46. Kwa 60 ikasema 55. Kwa 70, 64. Ilikuwa inazidisha, lakini kwa kiasi kile kile kila mara. Mtu wa aina hiyo unaweza kuishi naye.

Ningeweza kurudi nyumbani hapo. Lakini niligeuza nikaenda ule mteremko wa mtoni, peke yangu. Nikaachilia gesi kama nilivyozoea, nikasikiliza upepo masikioni na sauti ya injini, hadi mwili wangu uliposema: hapa, huu ndio mwendo wetu wa siku ile. Nikatupa jicho. Sindano, 65. Simu, 60. Nikafunga breki mapema kabla ya kona, nikasimama kando.

Kutoka 40 hadi 60 unaweza kuona ni 20 tu. Lakini kwa 40, sekunde moja unayotumia kushtuka inakupeleka mita 11. Kwa 60 inakupeleka karibu 17, na breki hujagusa. Ukishagusa, nguvu unayohitaji kuimaliza ni zaidi ya maradufu, kwa sababu nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wake. Sisi tunaoishi kando ya barabara ya Embu kwenda Meru tunajua miteremko inavyoua. Julai 2022 basi lilitumbukia kwenye Daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Matatu na mabasi angalau yana sheria ya kidhibiti mwendo cha 80, tangu kanuni za Michuki za 2004. Boda ina sindano tu, na mwenye kuiangalia.

Nilienda kwa shosho Jumapili hiyo hiyo, na mkate na sukari. Mkono ulikuwa umepona lakini haukunjiki sawasawa. Nilimwambia, "Shosho, siku ile hatukuwa 40. Tulikuwa 60."

"Nilijua," akasema. "Leso iliniruka tangu pale juu. Leso yangu hairuki mtu akienda pole pole."

Sikuwa na la kujibu. Alikuwa na kipimo chake, alinisomea kwa mdomo wake na kunigusa bega, nami nikamjibu kwa kipimo kibovu kwa sababu kilikuwa kinanipendelea.

"Mwambie na mwanangu," akasema. "Yeye wewe alikuamini."

Nilimpigia jioni. Nilidhani atakata simu, au ataanza habari ya gharama za hospitali, na ningekuwa sina pa kujificha. Alinyamaza kwa muda mrefu. Nilisikia televisheni nyuma yake.

"Hiyo ya sasa inasoma?" akauliza.

"Inasoma. Lakini inazidisha kidogo."

"Iache izidishe," akasema. "Na ununue helmeti ya pili."