Chini ya Miti ya Muga

Kabla ya kufika Assam, kaskazini-mashariki mwa India, hariri niliijua moja tu: ile ya viwavi weupe wanaolishwa majani ya mforsadi ndani ya vyumba. Kiwavi wa muga, hariri ya Assam, hakubali kufungiwa.

Treni ya usiku kutoka Guwahati ilinishusha Jorhat alfajiri ya Oktoba, na jua halijawa kali nilikuwa chini ya miti ya som, shingo nimeielekeza juu. Sikuona kitu. Mwenyeji wangu, mzee mwenye manati mkononi, akaninyooshea tawi. Kumbe lile nililodhani ni jani ni kiwavi: kijani kibichi, unene wa kidole gumba, amekamata kijiti kwa miguu ya nyuma huku akitafuna jani kuanzia ukingoni. Nikaona wa pili, wa tatu, mwishowe mti mzima.

Manati ni ya kunguru. Mchana kutwa watu wanaamia ndege kama wakulima wetu wa mpunga, na usiku huja popo. Kuna pia nzi anayetaga juu ya mwili wa kiwavi. Huyo manati hayamwezi.

Kila shina limezungushiwa majani ya mgomba. Chakula kikiisha mtini, viwavi huteremka, hukwama hapo, na mzee huwachukua kwa chano cha mianzi chenye pembe tatu na kuwahamishia mti mwingine. Kiwavi hujivua ngozi mara nne. Akikomaa hushuka jioni, akawekwa kwenye kifungu cha majani makavu asokote kifukofuko chake.

Nondo wenyewe niliwakuta barazani, majike wamefungwa kwa uzi kwenye vifungu vya nyasi ili watagie hapo. Wana rangi ya kahawia, na kila bawa lina doa la mviringo mithili ya jicho. Jike hutoa harufu, dume akaifuata gizani. Hawali chochote, maana hawana mdomo wa kulia. Siku chache walizonazo wanaishi kwa akiba ya ule ulafi wa mtini.

Sualkuchi, mji wa wafumaji kando ya mto Brahmaputra, nilipita baadaye. Rangi ya dhahabu ya kitambaa cha muga ni ya uzi wenyewe, haikutiwa, na tangu 2007 jina hilo linalindwa kisheria kuwa la Assam. Bei yake ni kali. Ukienda, anzia mashambani, ndipo uende dukani. Hutaona haja ya kumwomba muuzaji apunguze.