Mwenzetu wa Kitanda cha Dirishani

Sisi tuliosoma shule za bweni miaka ile hatuhitaji saa ya kutuamsha. Hata leo, tukiwa na waume na watoto, ikifika saa kumi na nusu alfajiri macho hufunguka yenyewe, kana kwamba ile ringi ya gurudumu la lori iliyotundikwa mtini bado inagongwa nje ya bweni letu.

Tuliingia kidato cha kwanza mwaka 1993. Shule yetu ilikuwa ya wasichana watupu, mkoani Iringa, katika zile sehemu za juu ambazo mwaka 2012 zilifanywa kuwa mkoa wa Njombe. Siku hizo wanafunzi walichanganywa kutoka nchi nzima, hata bweni moja likawa na Mndengereko, Muha, Msambaa na Mkinga. Kila mmoja alifika na tranka la bati, godoro, ndoo, jembe, kwanja, na karatasi iliyopigwa mhuri wa daktari kwamba afya yake ni njema. Wengi wetu tulipata mhuri huo kwa muda wa dakika tano, na daktari hakutugusa hata mkono.

Baridi ya huko, hasa mwezi wa sita na wa saba, asiyeizoea hawezi kuisimuliwa akaelewa. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa sakitu. Tulioga maji ya kijito gizani, tumepanga mstari, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie, na aliyejimwagia wa kwanza alipiga ukelele ulioamsha mbwa wa mlinzi. Usiku tulikuwa tukilala wawili wawili mzungu wa nne, jambo lililokatazwa kabisa, na matroni alipopita na kurunzi yake mmoja alijiviringisha uvunguni mpaka apite. Chakula kilikuwa makande, ugali na maharage, na wali na nyama Jumapili, vipande viwili kwa kila mtu. Aliyekutwa akisema Kiswahili darasani alivikwa kibao shingoni mpaka amkamate mwingine. Tulinung'unika sana. Lakini jioni, jenereta ikishazimwa, kulikuwa na hadithi na kicheko kiasi kwamba tulipofika nyumbani likizo tulikuta nyumba kimya mno.

Katika bweni hilo alikuwamo mwenzetu mmoja kutoka Mwanza. Alisafiri kwa gari moshi mpaka Dodoma, akapanda basi lililopita Mtera mpaka Iringa, na siku alipotufikia alikuwa na kopo kubwa la dagaa wa kukaanga, ambalo kwa msaada wetu lilikwisha kwa siku tatu. Kitanda kilichobaki kilikuwa cha dirishani. Kioo kimoja cha dirisha hilo kilikuwa kimevunjika, kikazibwa kwa kipande cha boksi. Hapo ndipo alipolala.

Alikuwa mwembamba, na weupe wa macho yake ulikuwa na umanjano kidogo, ambao tuliudhani ni wa kuzaliwa nao. Hesabu alizijua kuliko sisi sote, na jioni tulijipanga kitandani kwake atufundishe. Lakini alitembea polepole, blanketi begani hata mchana, na penye kazi ya kulima yeye alikuwa akiketi mara kwa mara kushika magoti. Tukamwita Bibi. Aliitika jina hilo bila kukasirika, nasi tukachukulia kwamba amelipenda.

Jumapili moja kikundi chetu cha UKWATA kiliandaa igizo la yule mwenye kupooza aliyeteremshwa na rafiki zake wanne kupitia darini. Wa kulala juu ya blanketi tulimchagua Bibi, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwepesi kubeba. Tulipigiwa makofi mengi, hata mkuu wa shule alifurahi.

Mwaka uliofuata, 1994, tulikuwa kidato cha pili. Mmoja wetu alichaguliwa kuwa kiranja wa bweni, naye ndiye anayeandika haya. Kiranja alitunza daftari la zamu: nani anateka maji, nani anafagia, nani ametega. Mwezi wa saba Bibi alilala siku tatu. Katika zahanati ya shule kila ugonjwa siku hizo ulikuwa malaria, akapewa klorokwini. Alipoonekana hana homa akaambiwa arudi kazini. Usiku huo alimwita kiranja kitandani kwake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kwao walizaliwa saba, na kaka zake wawili walikufa wangali wadogo kwa ugonjwa wa mifupa kama huu wake. Akasema mama yake amemkataza asiseme shuleni, wasije wakamrudisha nyumbani na nafasi ikapotea.

Kiranja alisikia. Alikuwa na umri wa miaka 16, na wenzake walikuwa wameanza kumlaumu kwamba anapendelea. Kesho yake katika daftari alimwandika kuwa ametega, na adhabu ya kutega ilikuwa ndoo 4 za maji kutoka kijitoni kabla ya paredi. Hakuna hata mmoja bwenini aliyesema neno, kwa maana sote tulikuwa tumechoka kufanya zamu zake.

Alileta ndoo ya kwanza. Akiwa na ya pili alianguka njiani, maji yakammwagikia mwili mzima, na tulichokisikia kutoka bwenini hakikuwa kilio cha mtu anayetega. Sisi tuliokuja kuwa wauguzi tumekisikia wodini mara nyingi baadaye, nacho hakifanani na kilio kingine chochote. Alishika mapaja, akashika kifua, akatuomba tusimguse na papo hapo akatuomba tusimwache. Lori la shule lilikuwa limekwenda kuchukua mahindi. Tulileta blanketi, tukashika pembe nne, tukambeba mpaka barabarani, mwendo wa nusu saa, tukipokezana. Bila shaka kila mmoja alikuwa akilifikiria lile igizo, lakini hakuna aliyelitaja. Gari la wafanyabiashara wa mbao ndilo lililompeleka hospitali.

Baada ya wiki mbili alikuja mjomba wake kumchukua. Hatukumwona akiondoka, tulikuwa shambani.

Mwezi wa tisa ikaja barua. Ilikuwa ya bweni zima, na alitutaja kwa majina, akatushukuru kwa kumbeba na kutuomba radhi kwa usumbufu. Aliomba kitu kimoja tu: tumnakilie madaftari ya Biolojia na Jiografia, kwani alitarajia kufanya mtihani wa kidato cha pili mwaka utakaofuata huko huko kwao. Tulichanga fedha, tukanunua daftari gumu, tukagawana mada. Kisha mitihani yetu wenyewe ikakaribia, mmoja akasema atamaliza zamu yake kesho, mwingine keshokutwa, na shule ikafungwa. Daftari hilo halikutumwa. Liliishia kwenye mada ya usafirishaji wa chakula katika mimea, likarudi nyumbani ndani ya tranka la kiranja, na mpaka leo limo.

Mwaka 1996, tukiwa kidato cha nne, mtoto mmoja wa kidato cha kwanza aliyetoka kijiji cha jirani na kwao alitueleza kwamba alikuwa amefariki.

Tulijua alikuwa anaumwa nini miaka kadhaa baadaye tu, na hata hivyo ni yule mmoja wetu aliyekwenda kusomea uuguzi. Mwalimu alichora ubaoni chembe nyekundu ya damu iliyopinda kama mundu, akasema huo ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita sikoseli. Kisha akataja mambo yanayoamsha maumivu yake: baridi, kukosa maji mwilini, kazi nzito, maambukizi. Akataja macho ya manjano, kwa sababu chembe hizo huvunjika upesi. Wanafunzi wengine walikuwa wakiandika. Mmoja aliweka kalamu chini, kwa sababu alikuwa akisomewa daftari lake la zamu.

Tunapolisema jambo hili leo si kwa kuwalaumu walimu wetu, ambao wengi walitulea vema. Lakini kuna jambo moja hatulisahau. Kila muhula tulipofungua shule tulipangwa mstari, matroni akatubonyeza matumbo mmoja mmoja kuangalia nani ana mimba. Mwili wa msichana ulikaguliwa kwa kosa tu, ugonjwa haukutafutwa. Bibi alipita katika mstari huo mara nne na macho yake yale yale.

Katika madarasa ya wachumba kanisani kwetu, tunapofika sehemu ya afya, tunalieleza hili pole pole, kwa kuwa wengi hulidhania ni laana ya ukoo au kurogwa. Mtoto hupata selimundu akirithi vinasaba vyake kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wenyewe waweza kuwa wazima kabisa, hawajawahi kulala hospitali, na bado kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kupata mtoto mgonjwa. Hakuna mwenye kosa, wala si mama peke yake, ingawa lawama humwangukia yeye. Kipimo ni cha damu. Hapa Tanzania inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa na Pwani si jambo la nadra. Mama akiona mtoto mchanga anavimba viganja na nyayo na kulia akiguswa, asikae nyumbani akisubiri meno yaote. Siku hizi kuna vidonge vya foliki asidi vya kila siku, kuna haidroksiurea inayopunguza mashambulio, na zaidi ya dawa kuna maji ya kunywa kwa wingi, nguo za joto, na kukimbilia hospitali mara homa inapoanza. Watoto wanakua, wanasoma, wanaolewa.

Desemba iliyopita mama mmoja wa jumuiya yetu alitufuata baada ya ibada, sisi wa kamati ya afya. Binti yake amechaguliwa shule ya bweni, sehemu za baridi. Alikunjua fomu ya afya, akaweka kidole penye mstari wa magonjwa ya kudumu, akauliza kama kuna ubaya akiuacha mtupu. Alisema majirani bado hawajui. Akasema pia, na hili alilisema akiangalia chini, kwamba wakimkataa mtoto atamwambia nini.

Hatukumjibu upesi. Hofu yake si ya kijinga. Ndiyo ile ile iliyomfunga mdomo mama mwingine huko Mwanza mwaka 1993, na hatukuona haki ya kumhukumu huyo wala huyu. Tulimsimulia tu habari za kitanda cha dirishani, tukamweleza na habari za daftari la zamu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kalamu.

Tuliandika pamoja: jina la ugonjwa, dawa na saa zake, maji ya kuoga ya uvuguvugu, chupa ya maji darasani, ruhusa ya kutofanya kazi za maji na kulima wakati wa baridi, na hospitali ya kumkimbiza akianza kulia. Nafasi haikutosha, tukaendelea nyuma ya karatasi. Jumatatu aliipeleka mwenyewe kwa mkuu wa shule, hakuituma. Alitueleza kwamba mkuu alisoma pande zote mbili, akamwita matroni asome naye, kisha wakamuuliza mtoto mwenyewe anapenda kulala wapi.

Binti huyo aliondoka Januari na sweta mbili, chupa ya chai, na dawa zake katika mfuko wa kitenge. Kitanda chake kiko katikati ya bweni.