Siku ya Kutua

Marree si mji wa kuendewa. Ni mji wa kupitiwa. Uko kaskazini ya Adelaide kwa zaidi ya kilomita 600, katika nchi ya Waarabana, mahali zinapoachana njia mbili za vumbi: moja huelekea Birdsville, nyingine Oodnadatta. Wakazi wake ni wachache kuliko wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Kuna hoteli kuukuu ya ghorofa, duka, na vichwa vya treni vilivyoachwa relini kana kwamba dereva ameshuka mara moja kunywa chai. Watalii wengi hujaza mafuta, hupiga picha, huondoka. Sisi tulikaa siku nzima, kwa sababu mama yangu alisema asubuhi ile kwamba hapandi gari.

Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu na mama. Gari letu lilikokota karavani ya kukodi, nyumba ndogo ya magurudumu ambayo mama alikuwa akiiita “kijumba cha kobe”. Siku nne mfululizo tulikuwa tumesafiri kwa ratiba niliyoipanga mimi, kilomita kwa kilomita, kwa ari ile ile ninayopangia mihadhara. Siku ya tano mama akatandika mkeka kivulini, akakaa, akasema, “Hebu tueni, wanangu.”

Neno hilo nimelifundisha kwa miaka mingi. Kutua ni kushusha mzigo kichwani au begani. Ndege hutua, jua hutua, na katika neno hilo hilo tumezaa kutulia, maana atuliaye ni yule aliyekwisha kuweka chini alichobeba. Kituo nacho ni hapo, mahali pa kushushia. Hata ubeti wa shairi una kituo chake, ule mstari wa mwisho ambao mawazo yaliyobebwa tangu juu huwekwa chini. Sidhani kama lugha iliyokuzwa na misafara ingeweza kufikiri vingine. Mpagazi aliyetembea kutoka Tabora hadi pwani na pembe begani hakuhitaji kuelezwa tofauti ya kusimama na kutua. Na Bagamoyo, mwisho wa njia ile, mpaka leo hatukubaliani jina lake linasema nini: wengine husikia moyo ulioburudika baada ya mzigo kubwagwa, wengine husikia moyo wa mtumwa uliobwagwa pale usivuke naye bahari. Mapumziko ya mtu mmoja na msiba wa mwingine vimekaa katika jina moja.

Marree nayo ni mji wa msafara. Mwaka 1866 tajiri Thomas Elder aliingiza ngamia zaidi ya 120 kupitia bandari ya Port Augusta, pamoja na watu wa kuwaongoza. Baadaye wakaja wengine wengi. Ngamia walibeba sufi kutoka mashambani na kurudi na unga, chai, mabati, hata nguzo na nyaya. Reli ilipofika Marree mnamo 1884, mji ukawa mahali pa kupakulia mabehewa na kupakia ngamia. Waongozaji waliitwa Waafghani kwa jumla, ingawa wengi walitoka Baluchistan, Punjab, Sindh na Peshawar. Reli ilikata mji mapande mawili: Wazungu upande huu, Waafghani na wenyeji wa asili upande ule. Walijenga msikiti wao na kupanda mitende. Msikiti wenyewe haupo tena. Uliopo ni mfano wake, nguzo za miti na paa la majani, pembeni mwa reli.

Alasiri nilimsomea mama kibao kimoja kilichowataja watu hao. Aliposikia neno Baluchistan akaniangalia. Amezaliwa Makadara, Mombasa, mtaa wenye msikiti wa Wabulushi, na amekula biriani za majirani hao tangu utotoni. “Kumbe ni Wabulushi wetu,” akasema. Nikamweleza kwamba hata Burton na Speke, walipoingia bara mwaka 1857, walilindwa na askari wa Kibulushi waliotolewa na Sultani wa Zanzibar. Na kwamba hapa Marree aliishi Bejah Dervish, mzaliwa wa Baluchistan, aliyeongoza ngamia katika msafara wa uchunguzi wa jangwa la magharibi mwaka 1896, akaoa, akalima mitende, akafariki mwaka 1957. (Mihadhara mtu huibeba popote.) Mama hakuvutiwa na msafara wa uchunguzi. Aliuliza, “Alirudi kwao?”

Nikamjibu kuwa hakurudi kuishi. Wengi wao hawakupata uraia. Sheria ya uhamiaji ya 1901 ilikusudia nchi ibaki ya weupe. Karibu wote walikuja bila wake. Malori yalipowanyang’anya kazi, bunge la Australia Kusini lilitunga mwaka 1925 sheria ya kuruhusu ngamia wasio na alama kuuawa. Baadhi ya waongozaji waliwafungulia wanyama wao jangwani, na uzao wao unazurura mpaka leo.

Akataka kwenda makaburini. Nako kuna mgawanyo: Wazungu peke yao, Waafghani peke yao. Upande wa Waislamu una mawe machache, changarawe nyekundu na upepo mwingi. Mama alichutama, akasoma Fatiha kwa sauti ya chini, akaendelea na Yasini yote kwa moyo. Mume wangu alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Mimi nilihesabu majina yanayosomeka, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine.

Alipomaliza akauliza, “Hawa nani huwasomea?”

“Wana wajukuu hapa na Adelaide, mama.”

“Wajukuu wanajua kusoma?”

Sikumjibu. Mama alikuwa amekaa nasi Adelaide miezi kumi na minne, tangu baba alipofariki, na tiketi yake ya kurudi Mombasa ilikuwa imebakiza wiki tano. Kaka zangu walipiga simu kila Ijumaa: mama abaki huko, dawa ni nzuri, mama arudi, nyumba imepoa. Sote tulikuwa tumezungumza juu yake. Safari hii niliipanga ili nimuulize mwenyewe, na kwa siku nne nilikuwa nimemwonyesha milima.

“Mama,” nikasema, “wewe wataka nini?”

Alipangusa changarawe magotini. “Kule kwenu Adelaide, mtu akizikwa, mwenda lini tena kumwangalia?”

“Kwa kawaida?”

“Kwa kweli.”

“Idi,” nikasema. “Labda Idi.”

Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya samaki na ambaye hajaamua. Usiku tulikaa nje ya kijumba cha kobe. Jirani yetu, mzee mstaafu aliyekuwa akizunguka nchi na mkewe, alituletea kuni. Mama akampelekea kaimati kwenye sahani. Nilimuuliza tena. Akasema atanijibu tukifika William Creek, mwendo wa kilomita kama 200. Kesho yake tulipofika, alizungumzia vumbi, na bei ya maji, na kwamba ile mitende ya Marree imekosa mtu wa kuipogoa.